Kikohozi cha Bibi Harusi

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya paa la jirani, nyumba ya Mama Chiriku ilikuwa imeshaanza kunukia sabuni. Hapakuwa na haja ya saa. Ukisikia maji yakimiminwa kwenye beseni, ujue kumekucha; ukisikia mlango wa mashine ukibanwa, ujue chai iko mezani, na ukiendelea kujigeuzageuza kitandani utaikuta imepoa. Mama Chiriku alikuwa dobi. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni ya mtaa wa pili, sare za walinzi, mapazia, na nguo za mtu yeyote mwenye shughuli nyingi, au uvivu wa kutosha, kumlipa mwingine amfulie.

Binti yake alikuwa na jina zuri kabisa la shuleni, lakini nani alilikumbuka? Mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kupumzika. Alisema akila, akasema akipiga mswaki, na mjomba wake alidai kwamba mtoto huyu hata akilala, mdomo unabaki zamuni. Kazi yake akirudi shuleni ilikuwa kusimama mlangoni kupokea nguo za wateja, kuwasalimia, kuwauliza habari za watoto na za mbuzi kama wanao, kisha kutenga nyeupe mbali na za rangi. Kazi hiyo aliipenda. Nani mwingine wa umri wake alilipwa chakula kwa kupiga soga?

Zamani kila kitu kilifuliwa kwa mkono. Mama alikuwa akikamua shuka zito mpaka mishipa ya shingo inamsimama, na sabuni ikamla vidole taratibu. Ngozi ilipasuka kwenye viungo, ikapona, ikapasuka tena palepale. Ukimuuliza, alisema havimsumbui, akaficha mikono ndani ya nguo yake. Muuguzi wa zahanati alimwambia aende hospitali kubwa akaonane na daktari wa ngozi, asicheze na vidonda hivyo. Mama akaitikia vizuri, akaanza kuweka akiba ya safari hiyo kwenye kopo la majani ya chai, na kila mwezi akapata sababu ya kutokwenda.

Ndipo ilipokuja mashine. Ilinunuliwa kwa kujinyima kwingi, na siku ilipofika wabebaji waliishusha ikiwa imefungwa nailoni nyeupe kutoka juu mpaka chini. Majirani walisogea ukutani kuipisha kwenye ujia. Mjomba, mdogo wake mama, akatangulia mbele akiwaambia watu wapishe njia, Bibi Harusi anaingia. Jina likashika hapohapo. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema mashine. Bibi Harusi amemaliza? Bibi Harusi anakunywa maji mengi leo. Msimwekee Bibi Harusi mapazia yote kwa pamoja, mtamvunja mgongo.

Je, mama alipumzika? Thubutu. Kwa kuwa kulikuwa na mashine, wateja waliongezeka; na kwa kuwa wateja waliongezeka, bado kulikuwa na kola za kusugua, madoa ya kuloweka, mashuka ya kuanika na kukunja. Uchovu ulibadilisha sura tu. Jioni mama aliketi kwenye kigoda akiwa amenyoosha miguu, na Chiriku akiongea naye aliitikia "mm" kwa muda mrefu kabla Chiriku hajagundua kwamba amesinzia.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na sheria moja iliyozidi zote, na sheria yenyewe ilitoka kwa bibi, mama yake mama, ambaye naye alikuwa dobi. Dobi haingizi mkono kwenye mfuko wa mtu. Bibi aliwahi kusingiziwa kwamba ameiba pesa kwenye shati la mteja. Pesa zilikuja kuonekana baadaye chini ya godoro la mwenyewe, lakini nani alizunguka mtaani kulisafisha jina la bibi? Hakuna. Alikufa huku wapo watu waliomkumbuka kwa kitu ambacho hakukifanya. Kwa hiyo kwenye nyumba hii mfuko wa mteja ulikuwa kama chumba cha mtu. Unapita mlangoni, huingii. Enzi za beseni jambo hilo halikuwa na madhara. Kitu kikiwa mfukoni, kilidondoka chini ya maji, mama akakiona, akakirudisha. Bibi Harusi alipoingia, kila kitu nyumbani kilibadilika isipokuwa sheria hiyo.

Siku moja seremala wa pale kona alileta suruali zake za kazi. Chiriku alipozipokea, moja ilimvuta mkono. Mfuko wa paja ulikuwa mzito, na alipoitupa kwenye kikapu ilitoa sauti ya chuma. Akasita. Seremala alikuwa ameshaondoka akipiga mluzi. Chiriku akautazama ule mfuko, akakumbuka bibi, akakumbuka sheria. Alifikiri amwambie mama, lakini mama alikuwa amebeba beseni la mashuka mabichi na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye akiulizwa swali moja zaidi atakaa chini alie. Chiriku akanyamaza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanyamaza, na akachagua siku mbaya ya kufanya hivyo.

Suruali zilipokuwa ndani, Bibi Harusi alianza kukohoa. Kwanza ilikuwa krak, kimya, krak. Wakati wa kumwaga maji ikawa mkwaruzo mrefu, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Maji yalitoka kidogokidogo, na nguo zikabaki na maji tele. Mama akaweka kiganja juu ya mashine kama anayempima mtoto homa.

"Na huyu naye anachoka," alisema. Akazitoa zile suruali, akazikamua kwa mkono.

Kuanzia hapo kikohozi hakikukoma. Kila siku mama alikamua kwa mkono zile nguo ambazo Bibi Harusi aliziacha zikichuruzika, na kila siku vile vidole vikarudi palepale vilipotoka. Chiriku aliona doa la damu kwenye ncha ya shuka jeupe, akaona mama akilisugua haraka kwa kiganja kabla mtu hajaliona. Moyo ulimuuma. Akajiambia kwamba kesho atasema habari za ule mfuko. Lakini jambo likishalala siku moja huwa zito kuliamsha, na likilala wiki, usiseme.

Wiki hiyohiyo simu ikapigwa kutoka dukani. Sauti tamu ilimkumbusha mama kwamba waranti ya mwaka mmoja iliyokuja na mashine inaisha mwishoni mwa mwezi, na kwamba wateja wazuri kama yeye wamepewa nafasi ya kununua waranti ya ziada. Mashine ikiharibika ndani ya muda huo, watakuja kuitengeneza bure. Mama akauliza bei. Alipoambiwa, aligeuza uso akalitazama kopo la majani ya chai, na Chiriku naye akalitazama. Bei yenyewe na kilichokuwa ndani ya kopo vilikuwa karibu sawa.

Mjomba alipokuja kula, aliisikiliza habari hiyo akitafuna, akatikisa kichwa kama hakimu. Kwake hapakuwa na mjadala. Hii ilikuwa bahati. Bibi Harusi ameshaanza kukohoa, waranti inauzwa, unangoja nini? Ukiwaita leo kwa waranti ya zamani, watajua inaumwa na hawatakuuzia hii ya ziada. Nunua haraka, kaa kimya mwezi mmoja, halafu waite waje watengeneze. Mama alisema zile pesa ni za hospitali. Mjomba akajibu kwamba mikono ni ya mama na haiwezi kukimbia, lakini mashine ikifa leo, mikono ndiyo itakayorudi kukamua. Hapo alisema kweli.

"Dada, usipoziba ufa utajenga ukuta," mjomba akamalizia, akijipangusa mdomo. Kisha akamgeukia mpwa wake. "Na wewe, wakikuuliza chochote huko dukani, wewe ni bubu. Hakuna kikohozi. Hakuna wateja. Tunafua nguo zetu wenyewe."

Chiriku aliuliza kwa nini wasiseme wanafulia watu. Mjomba akasema watoto wanaouliza sana huota ndevu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumamosi wakaenda. Mama alizifunga pesa kwenye pindo la nguo yake, fundo dogo gumu, akaliweka ndani ya kiganja njia nzima. Duka lilikuwa na baridi na mwanga mweupe, na mashine zimepangwa mstari mzima na milango yao ya duara. Muuzaji alikuwa kijana mpole ambaye uchovu wake haukuwa umejificha vizuri. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, na chini ya meza alikuwa amechomoa kisigino kwenye kiatu ili kipumue. Aliwakumbuka. Chiriku alimwamkia, naye akaitikia marahaba kwa furaha.

Akaanza kueleza. Vitu vya siku hizi, alisema, havidumu. Umeme unapanda na kushuka, maji yana chumvi, kipuri kimoja tu kinaweza kugharimu nusu ya mashine mpya. Mama alale usingizi, wao ndio wakeshe. Chiriku alimsikiliza kwa makini, maana alimkumbuka vizuri sana. Siku ile walipoinunua, kijana huyuhuyu, mbele ya mashine ileile, alisema ni chuma kitupu, wajukuu watairithi. Leo havidumu. Vilikuwa vimeanza kutodumu lini? Swali lilimfika Chiriku kwenye meno, akaliuma.

Muuzaji akachukua kalamu. Aliuliza kama mashine ina tatizo lolote kwa sasa.

"Inafua," mama akasema.

Akauliza kama ni ya matumizi ya nyumbani.

"Iko nyumbani."

Chiriku alimtazama mama yake. Alijua uongo unavyosikika, na huu haukuwa uongo kamili. Ulikuwa ukweli uliozibwa mdomo. Mama hakumtazama. Alikuwa ameinamia fundo lake, akilivuta kwa kucha, na fundo halikufunguka. Gumba lake lilikuwa limevimba, kidole cha shahada hakikukunjika. Alijaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa kushoto. Muuzaji akageukia pembeni kwa adabu. Mwishowe mama akalisogeza lile pindo kwa binti yake na kumwambia kwa sauti ndogo amfungulie.

Chiriku alilishika fundo. Lilikuwa limeshachukua unyevu wa kiganja, na pembeni kulikuwa na alama nyekundu ya kile kidonda cha gumba. Akajua kwamba akilifungua, hospitali imekwenda. Na akajua jambo ambalo mama hakulijua, wala mjomba, wala huyu kijana mwenye kalamu. Alimhurumia mama.

"Samahani, kaka," akasema. "Kama kuna msumari umeingia ndani kutoka kwenye mfuko wa suruali, waranti inalipa?"

Kalamu ikasimama. Mama aliinua kichwa polepole. Muuzaji akauliza msumari wa nani, na Chiriku, akiwa ameshaanza, akashindwa kujizuia: msumari wa seremala, mteja wao, kwa sababu wao wanafulia watu, mama ni dobi, na Bibi Harusi anakohoa.

Lazima isemwe kwamba kijana yule angeweza kucheka, akapokea pesa, akaandika alichotaka. Badala yake alirudisha kisigino ndani ya kiatu, akasimama sawasawa, akawaambia ukweli kwa sauti ya chini. Waranti hii ni ya kasoro za mashine yenyewe. Vitu vilivyoingia kutoka mifukoni, hailipi. Na kama mashine inafulia wateja wa malipo, hailipi chochote, hata kasoro. Iwe ile ya mwaka wa kwanza, iwe hii ya ziada. Fundi wa kampuni akija, kitu cha kwanza anachotazama ni hicho.

"Ungekuwa umenunua hewa, mama," alisema. "Ningekuuliza vizuri zaidi. Nisamehe."

Mama alilichukua fundo lake mkononi mwa Chiriku, akamshukuru kijana, akatoka.

Nje kulikuwa na ukuta mfupi kando ya maegesho. Mama aliketi pale kama mzigo ulioshushwa. Chiriku alisimama mbele yake akisubiri. Watu walipita na mifuko yao.

"Umeniaibisha," mama akasema mwishowe. "Mbele ya mtu mzima umenifanya mwongo."

Chiriku akaanza kulia. Hakulia kwa sauti, alilia kama anavyolia mtu aliyechoka kubeba kitu. Akaeleza yote: suruali ilivyomvuta mkono, sauti ya chuma, mluzi wa seremala, beseni la mashuka mabichi. Mama alimsikiliza, na uso wake ukabadilika kidogokidogo, hasira ikitoka na kitu kingine kikiingia.

"Kwa nini hukuniambia siku ileile?"

"Ulisema dobi haingizi mkono kwenye mfuko wa mtu. Na ulikuwa umechoka, mama. Kila siku unakuwa umechoka."

Mama alishusha macho. Alivitazama vidole vyake juu ya magoti. Kisha akamvuta bintiye akaketi naye pale ukutani, na wakakaa hivyo mpaka machozi yakakauka, mmoja akimwegemea mwenzake.

Hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Walipitia kwa fundi mmoja aliyetengeneza pasi na mafeni kwenye kibanda cha bati, mtu mwembamba asiye na maneno mengi, wakaja naye. Mjomba alikuwa ameshafika, akingoja habari njema, na alipomwona fundi badala ya risiti alishika kiuno. Mama akamwambia akae, atamweleza.

Fundi aliinama chini ya Bibi Harusi, pembeni kabisa, mahali pasipotazamwa na mtu. Palikuwa na kijimlango kidogo. Akaomba sahani na kitambaa. Akauliza kama wamewahi kukifungua, nao wakatazamana. Kwa mwaka mzima walidhani ni pambo. Maji meusi yalimwagika, kisha akachomoa chujio, na vitu vikaanza kudondoka kwenye sahani. Misumari ya seremala. Vifungo. Sarafu zilizong'aa kama mpya. Kibanio cha nywele, ufunguo mdogo wa kufuli, nusu ya kitana, na kitu ambacho zamani kilikuwa peremende.

Mjomba alichungulia sahani kwa muda.

"Kumbe Bibi Harusi alikuwa anajikusanyia mahari yake mwenyewe," akasema, na hata mama, aliyekuwa hana nguvu ya kucheka, akacheka mpaka akashika mlango.

Msumari mmoja ulikuwa umepita chujio ukakwaruza pampu. Fundi aliibadilisha siku ileile, na gharama yake ilikuwa kipande kidogo tu cha kilichokuwa kwenye lile fundo. Maji yalipomwagwa tena yalitoka kwa kishindo, bila kikohozi. Mama akamuuliza, wakati anafunga vifaa vyake, kama yeye angenunua ile waranti. Fundi alifikiri. Alisema friji ya mama yake kule mbali, mahali pasipo na fundi, aliinunulia, na haijuti pesa hiyo, maana ilipokufa walikuja na nyingine. Lakini mashine hii? Inaumwa na misumari. Utanunuaje dawa ya macho kwa mtu anayeumwa jino?

Mjomba alijaribu kukumbusha ule ufa na ule ukuta. Mama akamkatiza, tena kwa upole.

"Mdogo wangu, ufa unauziba ukishauona. Sisi tulikuwa tunapaka chokaa."

Ilibaki sheria ya bibi. Mama aliifikiria siku mbili akikunja mashuka. Kuivunja hakutaka, jina la bibi lilikuwa ndani yake. Lakini kuiacha ilivyo, ni misumari tena. Aliyepata njia ni Chiriku, na aliipata kwa sababu ya mdomo wake. Alisema wao wasiingize mkono kwenye mfuko wa mtu, ila kila mtu aingize wake, palepale mlangoni, aupindue mfuko nje kama ulimi, ndipo nguo ipokelewe. Yeye atawaambia. Atawaambia wote.

Na kweli aliwaambia wote. Alimwambia seremala, aliyetoa misumari, kipande cha penseli na msasa, akacheka, kisha alipoambiwa habari za pampu akaacha kucheka. Kesho yake alirudi na kisanduku kidogo cha mbao, akakipigilia kando ya mlango ili watu wawekee vitu vyao. Chiriku aliwaambia walinzi. Alimwambia mwalimu mkuu wake mwenyewe, tena kwa heshima zote, shikamoo mwalimu, naomba upindue mifuko. Mwalimu mkuu alipindua, na peremende aliyokuwa amempokonya mtoto fulani darasani ikaonekana, na wote wawili wakajifanya hawakuiona. Vitu vilivyotoka kwa Bibi Harusi mama alivisafisha akaviweka dirishani, kila mtu achukue chake. Mwenye ufunguo alikuja kuuchukua akiguna; alikuwa ameshavunja kufuli lake na kununua jipya.

Jumatatu iliyofuata mama alikwenda hospitali. Hakutafuta sababu. Alirudi alasiri akiwa na dawa ya kupaka, glavu ndefu, na mikono yote miwili imefungwa bandeji nyepesi. Aliketi kwenye kigoda chake, amechoka na foleni, na Chiriku akamletea chai na kumshikia kikombe.

"Daktari amenigombeza," alisema. Mjomba alikuwepo pia, akila, kama kawaida yake. "Aliniuliza mikono imeanza kuuma lini. Nikamwambia hainisumbui. Akasema, mama, umekuja mpaka hapa kwa sababu haikusumbui? Tungekupata mapema, mafuta tu yangetosha. Akaniambia mficha maradhi, kilio humuumbua."

Akamtazama binti yake.

"Nimewaza njia nzima. Mimi nilificha vidole. Wewe ulificha msumari, kwa sababu ulinihurumia. Mjomba wako akataka tufiche kikohozi, na mimi nikakubali, nikaenda kumfichia kazi yangu yule kijana wa watu, kazi ambayo bibi yako aliifanya kwa haki mpaka anakufa. Nyumba nzima imejaa watu wanaofichana. Halafu tunakwenda kununua kinga dukani."

Mjomba aliacha kutafuna.

"Kinga zinafaa," mama akaendelea, "na siku nyingine huenda tukanunua moja, baada ya kuuliza inakinga nini na kumwambia ukweli anayeiuza. Lakini iliyo kubwa kuliko zote haiuzwi. Ni mtu wa nyumbani mwenye kusema mapema kwamba kitu kimeanza kuharibika. Wewe, mwanangu, ulisema. Ulichelewa, na ukanitoa jasho mbele ya watu, lakini ulisema. Kuanzia leo, hata nikiwa nimechoka vipi, uniambie. Kwa hilo sitachoka."

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Akamshikia tu kile kikombe.

Asubuhi iliyofuata maji yalimiminwa kwenye beseni, mlango wa Bibi Harusi ukabanwa, na nyumba ikanukia sabuni kama siku zote. Kazi haikuwa imepungua hata shuka moja. Chiriku alikuwa bado anajigeuzageuza kitandani aliposikia sauti ya mama kutoka uani, sauti ya kawaida, ikisema kitu ambacho hakuwahi kuisikia ikikisema.

"Chiriku, leo gumba linauma. Njoo tukunje wote."

Akaamka haraka, akaiacha chai ipoe.